Gaël Faye hakupanda cheo alipoandika riwaya

Kuna sentensi nimechoka kuisoma kila jina la Gaël Faye linapotajwa, ile ya "rapa aliyegeuka kuwa mwandishi". Utaikuta Ufaransa, utaikuta huku kwetu, na inasemwa kwa nia njema kabisa, kama wanampongeza vile, yaani jamaa alikuwa anarap, sasa amekua, ameacha mambo ya vijana, ameshika kalamu. Mimi naona ni kumkosea heshima yeye na kuukosea heshima mziki wenyewe, kwa sababu ukizifuatilia kazi zake mwaka kwa mwaka utaona kalamu alikuwa nayo toka siku ya kwanza, na ile riwaya iliyofanya dunia imjue ilianza kama wimbo.

Maisha yake kwa kifupi, maana wengi tunamjua juu juu. Kazaliwa Bujumbura Agosti 1982, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda, Mtutsi, wa zile familia zilizokuwa ukimbizini Burundi. Kakulia pembeni ya Ziwa Tanganyika, ziwa hili hili ambalo watu wa Kigoma wanalivua dagaa. Juni 1993 Burundi inamchagua Melchior Ndadaye, rais wa kwanza kupatikana kwa uchaguzi wa vyama vingi, Oktoba 21 mwaka huo huo wanajeshi wanamuua na nchi inaingia vitani. Halafu Aprili 6, 1994 ndege iliyowabeba marais wawili, Habyarimana wa Rwanda na Ntaryamira wa Burundi, inatunguliwa Kigali, walikuwa wanarudi kutoka kwenye mkutano hapa Dar es Salaam, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yanaanza. Mwaka 1995 huyu mtoto anapelekwa Ufaransa akiwa anaingia miaka 13, na huko anakutana na rap.

Alisoma mambo ya fedha mpaka shahada ya uzamili, akaenda London kufanya kazi kwenye kampuni ya uwekezaji kama miaka miwili hivi, kisha akaacha. Huu ndio uamuzi ambao mimi nauona mkubwa kuliko wote aliowahi kufanya, mkubwa hata kuliko kuandika riwaya, maana kila mtu anajua ukiwa mtoto wa vita ukapata kazi ya suti London, ndugu wanapumua, wanasema huyu tumeshamaliza naye. Yeye akarudi Paris kuandika mistari. Na mwenzake Edgar Sekloka wakaunda kundi la Milk Coffee & Sugar, wakatoa albamu, halafu mwaka 2013 akatoa albamu yake mwenyewe, Pili Pili sur un Croissant au Beurre, iliyorekodiwa kati ya Bujumbura na Paris, ambayo humo ndani utamkuta hadi mwimbaji mzee Bonga wa Angola.

Kwenye albamu hiyo kuna wimbo unaitwa Petit pays, yaani nchi ndogo. Unaanza na mtu asiye na usingizi, ana karatasi na kalamu, anaongea na Burundi kana kwamba Burundi ni mtu aliyekaa mbele yake, anaiambia alivyoondoka, alivyoishi mbali nayo, anavyoitamani na kuiogopa kwa wakati mmoja. Kiitikio kinakuja kwa lugha ya nyumbani, Kifaransa kinakaa pembeni kidogo, na hata kama huelewi neno unajua pale mtu ameacha kueleza ameanza kuita. Albamu hiyo ndiyo iliyomfikia mhariri mmoja wa vitabu wa Paris, akamtafuta na kumuuliza kama ana kitu kingine alichoandika. Kwa hiyo hakukuwa na mtu aliyemtoa kwenye mziki kumpeleka kwenye fasihi, mtu alisikia fasihi ndani ya mziki akagonga mlango.

Riwaya ikatoka Agosti 2016 kwa wachapishaji Grasset, jina lile lile la wimbo, Petit Pays. Ikaingia fainali ya Goncourt, tuzo ya fasihi ya Ufaransa, ile kubwa yenyewe, akaichukua mwandishi Leïla Slimani, lakini Goncourt ya wanafunzi wa sekondari, ambayo wanafunzi wapatao 2,000 wanasoma vitabu na kupiga kura, ikaenda kwa Faye. Kitabu kikauza zaidi ya nakala milioni, kikatafsiriwa kwa lugha nyingi sana, Kinyarwanda ikiwemo, mwaka 2020 kikawa filamu iliyoongozwa na Eric Barbier na kurekodiwa Rwanda. Na msimu ule ule wa vuli 2016, wakati kitabu hiki kinakimbia madukani, Nobel ya fasihi ikatangazwa kwenda kwa mwanamuziki Bob Dylan, na dunia nzima ikaanza kubishana kama maneno ya wimbo yanaweza kuitwa fasihi. Kwangu mimi jibu zuri lilikuwa limeshawekwa mezani na huyu kijana wa Bujumbura, ila watu walikuwa wameangalia upande mwingine.

Swali la maana zaidi ni kwamba kama wimbo ulishasema yote, riwaya ilikuwa ya nini?

Wimbo una mpaka wake, na hili wasanii wenyewe wanalijua kuliko wachambuzi. Kwenye rap anayeongea ni wewe, mtu mzima, habari umeshaijua mpaka mwisho, kila mstari umeshatoa hukumu kabla haujafika kwenye kina. Ukisema vita, msikilizaji anajua vita ilikuja, huna namna ya kumrudisha kwenye siku ile ambayo hakuna aliyekuwa anajua chochote. Riwaya ikampa Gabriel, au Gaby, mtoto wa miaka 10 anayekaa mtaa wa Kinanira pale Bujumbura, ana dada yake Ana, ana genge la marafiki wanaokutana ndani ya gari bovu aina ya Volkswagen Combi, wanaiba maembe ya majirani halafu wanawauzia hao hao majirani. Karibu nusu ya kitabu ni hayo tu. Kuna wasomaji nimewasikia wakilalamika kwamba kinachelewa kuanza, mimi nasema hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu Faye alitaka tuyapende yale maembe kwanza, tuuzoee ule mchana wa Bujumbura usioisha, ndipo yaje yale mengine, na ukifika huko unagundua umeshakuwa mtu wa mtaa ule, huwezi tena kusoma kama unasoma taarifa ya habari.

Kuna sehemu ambayo naamini mtu asiye mwanamuziki asingeiandika vile. Oktoba ile ya 1993 Gaby anasikia redio ya taifa inapiga muziki wa klasiki, wa Mjerumani Wagner. Baba yake anaelewa hapo hapo. Burundi, mapinduzi yakishafanyika, redio inaacha vipindi vyake na kupiga muziki wa aina hiyo, mwaka 1966 wimbo fulani, 1976 mwingine, 1987 mwingine, wakubwa wanaijua historia ya nchi yao kwa vipande vilivyopigwa redioni. Hakuna mtangazaji aliyesema rais ameuawa. Muziki ndio umesema. Fikiria mtu ambaye maisha yake yote mziki umekuwa ndiyo hewa anayovuta, halafu anaandika ukurasa ambao mziki mzuri kabisa, uliotungwa na mabingwa, unaingia sebuleni kama tangazo la msiba, na familia inakaa pale inasikiliza kwa sababu hakuna kingine cha kufanya. Hajaeleza kitu, hajasema ona jinsi gani, kaacha redio iendelee kupiga. Huo ubanifu wa maneno kajifunzia kwenye rap, ambako una mistari 16 na kila silabi ina kazi yake.

Halafu kuna ishu ya baiskeli, na hii naitaja kwa sababu inajibu lawama moja ambayo Faye anapewa sana. Wanasema huyu ni mtoto wa Mzungu, kakulia kwenye nyumba yenye mpishi na dereva, anajua nini kuhusu Burundi ya watu wa kawaida. Lawama ina msingi, nyumba ya Gaby kweli ina mpishi, ina dereva, na baba yake ana kampuni. Lakini msome vizuri. Gaby anaibiwa baiskeli yake ya BMX, aliyeiba ni kijana wa kazi pale nyumbani, kaiuza, imeuzwa tena, wanaifuata mpaka vijijini na kuikuta kwenye familia maskini ambayo baba kajinyima akamnunulia mwanae. Donatien, msimamizi wa kazi wa baba yake, mtu wa dini, anasihi waiache. Innocent, dereva, hataki kusikia. Gaby anaondoka na baiskeli yake. Ni haki yake kabisa, ni mali yake, na hana furaha nayo tena, aibu imemkaa kooni. Mwandishi ambaye hajui yuko upande gani wa geti asingeiweka hadithi hiyo mle. Faye kaiweka katikati ya utoto wenyewe, na bila kuhubiri anatuonyesha kwamba ile pepo ya maembe ilikuwa na watu waliokuwa nje yake muda wote, na kwamba vita ilipokuja haikudondoka kutoka mbinguni.

Kwetu sisi wasomaji wa Kiswahili kitabu hiki kina uzito wa pekee, na inaniuma kwamba tumekisikia kwa kupitia Paris. Bujumbura ina mitaa kama Buyenzi ambako Kiswahili ni lugha ya barazani toka enzi za mababu. Wakimbizi wa 1972 waliletwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wengi wao wakaja kupewa uraia wa Tanzania. Mwaka 1994 kule Ngara, kambi ya Benaco ilijaa mamia ya maelfu ya watu ndani ya muda mfupi sana. Mahakama ya kimataifa ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa Arusha mpaka 2015. Mkataba wa amani ya Burundi ulisainiwa Arusha Agosti 2000, Mzee Nyerere kausotea mpaka umauti ukamkuta, Mandela akaumalizia. Hii habari imepita mlangoni kwetu kila hatua, lakini tumeizoea kama takwimu, hema, foleni ya maji, maafisa wanasaini karatasi. Yule mtoto kabla hajawa mkimbizi hatukumjua. Hatukujua kwamba alikuwa na rafiki anayeitwa Gino, kwamba kulikuwa na jirani Mgiriki, Bi. Economopoulos, aliyekuwa anamuazima vitabu na kumuuliza kila kimoja kimemfanyia nini. Ukishasoma hayo, ukapita stendi ya Kasulu ukamuona mtu mzima kutoka ng'ambo ya mpaka, humuangalii kama zamani.

Nirudi kwenye hoja ya kupanda cheo. Kama kweli kutoka kwenye mziki kwenda kwenye riwaya ni kupanda, basi tumuweke wapi mwimbaji wa Kanada Leonard Cohen, ambaye alianza na vitabu, riwaya moja 1963 na nyingine 1966, ndipo akatoa albamu yake ya kwanza 1967? Kashuka? Na tumuweke wapi Francis Bebey wa Cameroon, huyu ndiye ningependa atajwe zaidi tunapoongelea Faye, mtu wa gitaa na filimbi za mbilikimo, riwaya yake ya kwanza ilitoka 1967 ikachukua tuzo kuu ya fasihi ya Afrika mwaka uliofuata, alikuwa na kazi nzuri UNESCO pale Paris, na mwaka 1974 akaiacha ili afanye mziki? Bebey hakuona kama ana fani mbili zinazogombana. Kwetu pwani tungemuelewa haraka sana, maana utenzi tangu zamani unaimbwa, na washairi wetu wengi maneno yao yameishi kwa midomo ya waimbaji wa taarab kuliko kwenye karatasi. Huko kutenganisha kwamba aliyekaa kwenye kitabu ni mkubwa kuliko aliyesimama stejini tumefundishwa shuleni, na nadhani ni wakati wa kuacha.

Faye mwenyewe aliacha mziki lini? Hakuacha. Mwaka mmoja baada ya riwaya katoa EP, yaani albamu fupi, ya Rythmes et botanique, mwaka 2018 akashinda Victoires de la Musique, tuzo ya mziki ya Ufaransa, kama msanii mpya wa jukwaani, yaani wakati watu wanamwita mwandishi, yeye yuko stejini anatoa jasho. Novemba 2020 ikaja albamu ya Lundi Méchant, jina limetoka kwenye kawaida ya Bujumbura ya watu kutoka kwenda kula bata usiku wa Jumatatu, siku ambayo mwenye akili zake angekaa nyumbani ajiandae na wiki. Mle ndani kuna mwimbaji Mmarekani Harry Belafonte, kuna wimbo wa Respire ambao ulipigwa sana, na kuna Kwibuka, wa kumbukumbu ya waliouawa 1994. Mimi hiyo albamu naisikia kama mtu aliyepumua baada ya kutua mzigo. Riwaya ilibeba vita, mziki ukapata nafasi ya kucheza, na sauti yake imelegea kwa maana nzuri, haikazi kila neno kama 2013. Sasa mtu anayesema rap ilikuwa ngazi tu ya kumfikisha kwenye vitabu anieleze hiyo albamu inatoka wapi.

Hapo kati alishahamia Kigali na familia yake. Kwa miaka mingi amekuwa karibu na wale wanaowafuatilia watuhumiwa wa mauaji ya kimbari waliojificha Ufaransa ili wafikishwe mahakamani, na mwaka 2022 yeye na Michaël Sztanke walitoa filamu ya hali halisi kuhusu wanawake wa Kinyarwanda wanaowatuhumu wanajeshi wa Kifaransa kwa ubakaji. Naitaja kwa sababu ukiiangalia unaona riwaya yake ya pili inapikwa wapi. Ni kazi ya kusikiliza. Unamuuliza mama swali, anakaa kimya, unasubiri.

Riwaya hiyo ni Jacaranda, Agosti 2024, na Novemba ikampa Renaudot, tuzo nyingine ya fasihi ya Ufaransa. Milan, kijana aliyekulia Versailles, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda anayeitwa Venancia ambaye hasemi chochote kuhusu alikotoka, wala picha hakuna, wala jina la ndugu. Mwaka 1994 Rwanda inaingia nyumbani kupitia taarifa ya habari ya jioni, kisha anakuja mtoto, Claude, ana jeraha kichwani, anakaa nao kwa muda halafu anarudishwa, na hakuna anayeeleza. Ndipo Milan mwenyewe anaanza kwenda Rwanda, mwaka hadi mwaka, anakutana na Stella, binti aliyezaliwa baada ya yote, mwenye mti wake wa mjakaranda anaoukwea pale uani, anakutana na Rosalie, bibi kizee wa ukoo wa Stella, anahudhuria gacaca, zile mahakama za vijijini zilizosikiliza kesi karibu milioni 2 kabla ya kufungwa 2012.

Hiki ndicho kitu ambacho wimbo usingeweza kukibeba. Ukimya wa mama. Stejini ukinyamaza sekunde kumi watu wanadhani maiki imezimika. Kwenye riwaya Venancia ananyamaza miaka, kurasa kwa kurasa, na wewe unanyamaza naye, unaanza kukasirika naye, halafu unaanza kumuogopea. Kwenye Petit Pays mama alirudi kutoka Rwanda akiwa amevunjika, usiku anamwamsha mtoto mdogo Ana kumsimulia madoa ya damu aliyoshindwa kuyasugua sakafuni, yaani alisema kupita kiasi kwa mtu asiyestahili kuambiwa. Kwenye Jacaranda mama hasemi kabisa. Ukivisoma vitabu viwili mfululizo, na nakushauri ufanye hivyo, unaona Faye anauliza swali moja kwa pande mbili, mzazi aliyeona yale ampe mtoto wake nini, na kipi akizuie, na hata jina la Eusébie linarudi kwenye vyote viwili, mwanamke aliyepoteza watoto wake wanne.

Ila nami nina langu la kumdai. Jacaranda ina sehemu ambazo wahusika wanaongea kama wanatoa somo. Bibi Rosalie akianza kusimulia enzi za ufalme, wakoloni Wajerumani, Wabelgiji, vitambulisho vya kabila, naelewa kabisa kwa nini yako mle, msomaji wa Ulaya hajui na lazima aambiwe, na mtu aliyefanya kazi na walionusurika anaona deni la kueleza kila kitu sawasawa ili asije mtu akapotosha. Heshima hiyo naiona na naithamini. Lakini pale ndipo namkosa yule rapa. Yule aliyeacha redio ipige Wagner bila kuongeza neno angekata nusu ya maelezo hayo, angetuachia kitu kimoja mkononi, kitambulisho kimoja cha zamani chenye picha, angetuacha tukiangalie wenyewe. Kwa hiyo kwa wale wanaosubiri riwaya ya tatu wakitumaini ameshaachana na mziki, mimi nasubiri kwa matumaini ya kinyume chake, na kama bado hujamsoma popote, anza na ule wimbo wa 2013, usikilize kwa spika nzuri, halafu ndio ufungue kitabu.